Maji Yanayopanda: Historia ya Unyevu wa Ardhi katika Ngara na Biharamulo

Katika vipindi vya wakulima huwa tunazungumza sana juu ya maji yanayoshuka: mvua za vuli, mvua za masika, mito, chemchemi na visima. Leo tutazungumza juu ya maji yanayopanda. Haya ni maji yanayotoka ardhini na katika majani ya mimea, yakaenda zake angani bila mtu kuyaona. Hayana kelele wala matope, na kwa hiyo ni rahisi kuyasahau. Lakini usidanganyike. Maji yanayopanda ni mengi kuliko yanayopita mtoni.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Bonde lote la Mto Kagera, yaani sehemu kubwa ya Rwanda, sehemu ya Burundi, Ngara, Karagwe na jirani zake mpaka kusini mwa Uganda, lina ukubwa wa kilomita za mraba karibu 60,000. Chukua maji yote ambayo mto huo unayamwaga katika Ziwa Viktoria kwa mwaka mzima, uyatandaze sawasawa juu ya bonde hilo. Hayatafika kina cha milimita 150. Lakini mvua inayonyesha juu ya bonde hilo ni zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba katika kila madebe kumi ya mvua, debe moja hivi tu ndilo linalofika ziwani. Madebe mengine yote yamerudi angani.

Basi mkulima anayelalamika kwamba maji yake yote yameteremkia mtoni anasema kweli, lakini nusu ya ukweli. Wezi ni wawili, na huyu wa pili anaiba mchana kweupe.

Njia mbili za kupanda

Maji hupanda kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ardhi yenyewe kukauka. Jua linapiga, upepo unapita, unyevu wa juu unakwenda. Njia ya pili ni kupitia katika mmea. Mizizi huvuta maji, shina huyapandisha, nayo majani huyatoa kwa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kama vile mtu anavyotoa jasho. Vitundu hivyo vikiwa wazi kutoa jasho, ndipo pia vinapoingiza hewa ambayo mmea huitumia kutengeneza chakula chake. Mmea ukifunga vitundu kwa sababu ya kiu, unaacha kukua. Katika maelezo haya tutaziita njia zote mbili kwa jina moja, uvukizaji.

Unaona tofauti iliyopo? Debe lililopita katika jani la mgomba au la harage limekulipa kabla ya kuondoka. Debe lililotoka katika udongo mtupu halikukuachia kitu. Shamba la eka moja lililofunikwa vizuri na mazao, katika siku ya jua kali, linaweza kupandisha milimita 4 hivi. Ni kama lita 16,000, yaani ndoo 800 za lita 20, kwa siku moja! Ndiyo sababu wiki mbili za jua katikati ya vuli zinatosha kumtia mkulima hasara.

Sasa tuone jinsi njia hizo mbili zilivyobadilika katika nchi ya Ngara na Biharamulo kwa muda wa miaka mia moja na thelathini na zaidi. Utaona kwamba si mbingu peke yake iliyobadilisha mambo. Ugonjwa wa ng'ombe, mdudu mdogo, amri za serikali na vita vya jirani vyote vimeshiriki.

Nchi ya majani na migomba

Mwaka 1861 wasafiri wa Kiingereza Speke na Grant walipita katika nchi waliyoiita Usui, yaani Rusubi, katika Biharamulo ya leo, ambako mtawala wakati huo alikuwa Suwarora. Nchi hizi za magharibi ya ziwa zilikuwa na watu, na zilikuwa na ng'ombe. Vilima vilifunikwa na majani ya malisho, yaliyochomwa moto kila kiangazi ili yachipue upya. Karibu na nyumba, hasa kwenye vilima vya Ngara, palikuwa na migomba.

Mpango huo ulikuwa na busara yake katika matumizi ya maji. Majani ya malisho yana mizizi ya juujuu. Yanatoa jasho jingi wakati wa mvua, na kiangazi yanakauka na kunyamaza. Migomba nayo ilipata samadi ya ng'ombe, ilipata majani makavu ya kutandaza chini, na kivuli chake chenyewe kiliuzuia udongo usipigwe na jua. Unyevu uliokuwamo katika shamba la migomba ulipanda kwa kupitia katika migomba. Kwa maneno mengine, ng'ombe alikuwa akihamisha rutuba ya mlimani kuipeleka nyumbani, na rutuba hiyo iliujenga udongo unaoweza kushika maji. Mpaka leo ndugu zetu Wahaya wa Bukoba na Muleba wanajulikana kwa kibanja chao, na siri yake ni hiyo hiyo.

Sotoka yafungua mlango wa vichaka

Halafu ikaja sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, na kufikia 1890 na 1891 ulikuwa umeenea Afrika Mashariki. Katika sehemu nyingi inakadiriwa kwamba ng'ombe tisa katika kila kumi walikufa. Nyati na wanyama wengine wa porini walikufa pia. Baada ya mifugo yakafuata ya watu: njaa, ndui, na funza waliokuwa wakienea kutoka magharibi.

Sasa fuatilia mwenendo wa mambo. Ng'ombe wamekufa, hakuna wa kula majani. Watu wamepungua, hakuna wa kufyeka. Vichaka vikaota mahali pa malisho. Wanyama wa porini waliongezeka tena upesi kuliko ng'ombe, na pamoja nao wakaja mbung'o, ambao huishi katika vichaka na kunyonya damu ya wanyama hao. Mbung'o akishaingia, ng'ombe harudi, na mtu naye yumo katika hatari ya malale. Mtaalamu wa mbung'o John Ford, aliyefanya kazi katika nchi hizi, aliyaeleza mambo haya kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1971. Alionyesha kwamba mbung'o hakuwa adui mgeni. Watu na ng'ombe walikuwa wamemweka mbali kwa kuitunza nchi yao, na walipoanguka wao, yeye akasogea.

Kwa upande wa maji, hapo ndipo pana badiliko kubwa la kwanza. Kichaka na mti wa miombo vina mizizi mirefu. Majani ya malisho yakishakauka, mti bado unavuta maji ya chini. Kwa hiyo nchi iliyogeuka kutoka malisho kuwa pori hupandisha maji mengi zaidi kwa mwaka, na huyapandisha hata katika miezi ya kiangazi. Maji hayo yalipita katika majani, ndiyo, lakini si majani ya kumlisha mtu wala mfugo wake.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa wilaya kadhaa za magharibi ya Tanganyika, Biharamulo ikiwa mojawapo, wakae pamoja katika makazi yaliyofyekwa ili kuwaepusha na malale. Maisha mengi yaliokolewa. Lakini nchi ikagawanyika sehemu mbili: hapa vipande vidogo vinavyolimwa kwa nguvu kila mwaka, na kule eneo kubwa lililoachiwa pori. Sehemu ya nchi hiyo iliyobaki bila watu ndiyo iliyokuja kuwa mapori ya akiba. Mwaka 2019 mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kwa hiyo ukimwona tembo leo katika pori la Biharamulo, kumbuka kwamba historia yake inaanzia kwa ng'ombe waliokufa.

Sotoka yenyewe haipo tena. Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba imetokomezwa duniani kote. Lakini mabadiliko iliyoyaacha katika uso wa nchi bado tunaishi nayo.

Wataalamu waanza kupima

Kwa miaka mingi watu walibishana tu juu ya miti na maji. Wengine walisema miti huleta maji, wengine wakasema huyanywa. Mwaka 1948 mtaalamu wa Kiingereza, Howard Penman, alitoa hesabu ya kukadiria uvukizaji kwa kutumia mambo manne: jua, joto, unyevu wa hewa na upepo. Hesabu hiyo ililetwa Afrika Mashariki na wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu lililokuwa Muguga, Kenya, ambalo lilikuwa mali ya nchi zetu tatu. Mwaka 1968 T. Woodhead wa shirika hilo alitoa makadirio ya uwezo wa hewa wa kupandisha maji kwa nchi yetu ya Tanzania. Ilionekana wazi kwamba katika sehemu nyingi za nchi hewa ina kiu kuliko mvua inayopatikana. Ingepewa maji zaidi, ingeyachukua.

Wataalamu hao walifanya jambo jingine la maana. Katika miaka ya 1950 walichagua mabonde madogo ya kujaribia, huko Kericho na Kimakia nchini Kenya, Atumatak nchini Uganda, na milima ya Mbeya hapa kwetu. Mbeya walikuwa na mabonde mawili jirani: moja lina msitu wa asili, jingine limelimwa na wakulima mpaka kwenye miteremko mikali. Wakapima mvua inayoingia na maji yanayotoka kijitoni, mwaka baada ya mwaka.

Matokeo yake yaliwashangaza wengi. Msitu ulipandisha maji mengi zaidi angani. Kijito cha bonde lililolimwa ndicho kilichokuwa na maji mengi, hata wakati wa kiangazi. Je, ina maana tufyeke misitu tupate maji? Hapana, ndugu msomaji, ngoja kwanza. Udongo wa Mbeya ni wa majivu ya volkano. Una matundu mengi, unameza mvua haraka kama sifongo. Hata ulipolimwa uliendelea kumeza. Vilima vya Ngara si vya namna hiyo. Miamba yake ni ya mawe ya mchanga, mawe meupe magumu na mawe ya udongo, na juu yake mara nyingi pana udongo mwembamba wenye changarawe. Udongo huo ukivuliwa nguo, ukakanyagwa na kupigwa na matone ya mvua, uso wake hufunga. Mvua haiingii tena. Inateremka yote kwa siku moja ikiwa imebeba udongo, na kiangazi chemchemi haina cha kutoa.

Kwa hiyo somo la Mbeya lina pande mbili. Mti hunywa, hilo ni kweli. Lakini mti pia huufungulia udongo mlango. Ukitaka kujua kama kukata miti kutaongeza au kutapunguza maji ya chemchemi yako, usiutazame mti peke yake. Utazame na udongo utakaobaki baada yake.

Kahawa, vijiji na magonjwa ya migomba

Turudi Ngara. Wakati wa utawala wa Waingereza kahawa ya arabika ilienea Bugufi, na ikawa zao la fedha. Kahawa hiyo ilipokaa ndani ya migomba, chini pakatandazwa majani, ilikuwa jambo jema kwa unyevu. Mazao mawili yalitumia maji ya shamba moja, nao udongo haukuona jua.

Mwaka 1961 na 1962 zilinyesha mvua zisizo za kawaida. Ziwa Viktoria lilipanda karibu mita mbili na nusu kufikia 1964. Wazee waliokuwa vijana wakati ule bado huzilinganisha mvua zote na hizo, na si ajabu kwamba mvua zilizofuata zilionekana kwao ndogo. Mtu akipima maisha yake yote kwa mwaka wa neema, kila mwaka utakuwa wa ukame.

Mnamo 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Katika mkoa wetu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, kama katika mikoa mingine, watu waliotawanyika walihamia vijijini. Shule, zahanati na maji vilisogezwa karibu na watu, na hayo ni maendeleo. Lakini mashamba ya karibu na kijiji yakawa yanalimwa kila mwaka bila kupumzishwa. Zamani shamba lililochoka liliachwa likaota majani na vichaka, udongo ukapata nafasi ya kufunguka. Sasa nafasi hiyo ikafupishwa, na mahali pengine ikaisha kabisa.

Migomba nayo ikapatwa na maradhi. Katika miaka ya 1970 na 1980 fukusi pamoja na minyoo ya mizizi vilidhoofisha migomba ya mkoa, na udongo uliochoka ukawasaidia wadudu hao. Kuanzia 1997 mradi wa serikali yetu na Ubelgiji ulisambaza miche ya aina mpya za migomba zinazovumilia magonjwa. Lakini mwaka 2006 mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ukaonekana mkoani Kagera, ukaanza kuangusha mashamba upya.

Mgomba unapoanguka, mkulima anafanya nini? Anapanda mahindi, muhogo, maharage. Hawezi kulaumiwa, watoto lazima wale. Lakini tazama maji yanavyobadili njia. Mgomba una majani mwaka mzima. Mahindi yana majani miezi mitatu au minne tu. Kuanzia Juni mpaka mvua za vuli shamba limekaa uchi, na mvua ya kwanza inapodondoka kwenye udongo uchi, sehemu yake kubwa hurudi angani kabla mbegu haijaota. Ni mvua ile ile, eka ile ile, lakini jani la kuipokea halipo.

Hilo ndilo badiliko kubwa la pili, nalo linatuhusu zaidi kuliko lile la kwanza. Wakati wa mbung'o maji yalihama kutoka kwenye majani ya malisho yakaenda kwenye majani ya porini. Sasa yanahama kutoka kwenye majani ya aina yoyote yanakwenda kwenye udongo mtupu.

Mwaka 1994

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokuwa wakikimbia mauaji nchini Rwanda walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kwa muda wa siku moja hivi walivuka watu wapatao laki mbili au zaidi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kwa usiku mmoja, kisha zikafuata kambi nyingine kama Lumasi, Musuhura na Lukole. Wenyeji wa Ngara waliwapokea wageni waliowazidi kwa idadi, jambo ambalo nchi tajiri nyingi hazijawahi kulifanya.

Kila jungu lilihitaji kuni. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharage makavu, vitu vinavyochukua saa nyingi jikoni. Ilikadiriwa kwamba katika mkoa wa Kagera kambi ziliteketeza zaidi ya tani 1,200 za kuni kwa siku. Mpaka Wanyarwanda waliporudi kwao Desemba 1996, misitu ya kilomita za mraba 570 hivi ilikuwa imeguswa, na kati ya hizo 167 zilikuwa zimeharibiwa vibaya.

Watu wengine husema mpaka leo kwamba ukame wote wa Ngara umetokana na wakimbizi. Tuseme kweli. Kambi ziliacha jeraha, hilo halina ubishi. Lakini miombo ina tabia ya kuchipua kutoka kwenye kisiki. Mahali palipoachwa bila kulimwa, bila kuchomwa moto kila mwaka na bila kuchomewa mkaa, mti hurudi wenyewe, na miche iliyopandwa baada ya kambi kufungwa ilisaidia. Mahali ambapo mti haukurudi, jiulize ni nani aliyeuzuia katika miaka hii yote iliyopita. Wakimbizi wa 1994 hawawezi kubeba na lawama za moto tunaouwasha sisi.

Pia watu wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 320,000 katika Ngara na zaidi ya 320,000 katika Biharamulo, ingawa Chato ilikuwa imekwisha kutengwa kutoka Biharamulo, na ile ya 2022 ikaonyesha kwamba idadi inaendelea kupanda. Wafugaji nao wameingia na ng'ombe wao kutoka Usukumani, wakitafuta malisho katika nchi ambayo babu zao wasingethubutu kuingia na mfugo hata mmoja kwa kuogopa mbung'o. Ndiyo maana siku hizi chemchemi moja ina madai matatu: ya mkulima, ya mfugaji, na ya mwenye mikaratusi.

Je, kiu ya hewa imeongezeka?

Swali hili huulizwa mara nyingi. Joto la Tanzania limepanda kwa karibu digrii moja ya sentigredi tangu 1960. Hewa yenye joto la digrii moja zaidi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Kwa hiyo, ndiyo, mvua ya milimita zile zile haimfikishi mkulima mbali kama zamani.

Lakini kiu ya hewa ni jambo moja, na maji yaliyopo ya kuituliza ni jingine. Mwaka 2010 wataalamu wa nchi mbalimbali walitoa hesabu ya uvukizaji wa nchi kavu ya dunia nzima. Waligundua kwamba kuanzia 1982 mpaka 1997 ulikuwa ukiongezeka pole pole. Baada ya mvua kubwa za El Nino za 1997 na 1998 ongezeko hilo lilisimama kwa miaka kumi hivi iliyofuata. Sababu kubwa waliyoiona ni kwamba udongo wa nchi za kusini mwa dunia, Afrika ikiwa miongoni mwao, haukuwa na unyevu wa kutosha kutoa. Hewa ilikuwa ikiomba, na ghala la udongo lilikuwa karibu tupu.

Ndugu msomaji, hapo ndipo mkono wako unapofika. Joto la dunia huwezi kulipunguza kwa jembe lako. Ghala la udongo unaweza kulijaza, na mlango wa kutokea maji unaweza kuuchagua.

La kufanya shambani

Kwanza, funika udongo. Matandazo ya majani makavu, mabua na magome ya migomba, unene wa kiganja, huzuia jua lisifike chini. Yaweke mbali kidogo na shina la mgomba ili fukusi wasipate maficho. Usichome mabua baada ya mavuno. Moto wa saa moja unakuibia unyevu wa msimu mzima.

Pili, jaza ghala. Chimba makinga maji kwa kufuata kontua, na juu ya kingo zake panda mabingobingo, ambayo pia ni chakula cha ng'ombe. Samadi na mboji huufanya udongo ushike maji. Mwenye ng'ombe na mwenye migomba wakielewana, mabua kwenda na samadi kurudi, watakuwa wamerudisha ule mpango wa kale.

Tatu, usiache jani likosekane shambani. Mahindi yaende pamoja na maharage. Migomba iliyokufa kwa mnyauko ing'olewe na kuharibiwa kama mabwana shamba wanavyoelekeza, kisha mahali pake prudishiwe migomba kwa miche safi baada ya muda unaotakiwa. Usiache shamba la migomba ligeuke kuwa la mahindi milele.

Nne, chagua mti na mahali pake. Mkaratusi ni mti wa fedha, lakini una kiu kubwa na mizizi mirefu. Uweke mlimani mbali na maji, usiupande kwenye chemchemi wala bondeni. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Acha hapo miti ya asili ijiotee yenyewe. Ndani ya kahawa na migomba, grevilea michache inatosha kupunguza upepo.

Mwaka 1980 nchi yetu iliendesha kampeni kubwa ya redio kwa jina la Misitu ni Mali. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana, wakapanda miti. Neno lile bado ni la kweli, lakini historia ya Ngara na Biharamulo inatutaka tuongeze jingine: unyevu wa udongo nao ni mali, na kila siku ya jua sehemu ya mali hiyo hutoka. Haikatazwi kutoka. Itoke kwa kupitia katika mkungu wa ndizi, katika punje ya kahawa na katika titi la ng'ombe.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika kijiji chenu, ni mashamba gani yanayokaa bila kitu chochote juu yake kuanzia Juni mpaka Septemba? Yanaweza kufunikwa na nini?

2. Taja chemchemi moja iliyopungua maji. Ni nini kilichobadilika juu yake mlimani: miti, mifugo, moto au kilimo? Waulizeni wazee, na muandike majibu yao pamoja na miaka.

3. Wakulima na wafugaji wa kijiji chenu wanaweza kukubaliana vipi juu ya mabua na samadi kabla ya kiangazi kijacho?